Mtu wa Temeke na Chombo cha Angani

Yako madai ambayo sijaona mhakiki akiyaandika waziwazi, lakini hutendwa kila siku na wahariri, na waamuzi wa mashindano ya hadithi, na hata na waandishi wenyewe. Madai hayo ni kwamba mtu wa Temeke au wa Kinondoni aweza kuwamo katika hadithi ya wizi, ya ulevi, ya mapenzi yaliyovunjika, au ya vurugu ndani ya daladala. Lakini hadithi ikipaa kwenda kwenye nyota, au ikivuka miaka mia mbili mbele yetu, mtu huyo huachwa kituoni. Na kama yapasa apande, basi hupandishwa baada ya kuoshwa ulimi. Mjuzi wa mitambo husema kama kitabu cha sarufi. Nahodha husema kama hakimu. Akitokea mmoja wa kusema kama watu wasemavyo katika soko la Tandika, sisi wasomaji twajua mara moja kwamba ameletwa ili atuchekeshe, au ili afe katika sura ya tatu.

Nataka kuyapinga madai hayo, wala sitayapinga kwa upole, maana yamekwisha kupata nguvu ya mazoea, na mazoea hayaondoki kwa kubembelezwa.

Kwanza nieleze yaliyonikuta mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi ya mambo yajayo. Fundi mmoja, aliyejifunza kazi chini ya mwembe katika gereji ya Tandika, yumo ndani ya chombo kinachoizunguka dunia, na mtambo wa kusafisha hewa unaanza kukohoa. Fundi anamgeukia mwenzake na kumwambia: "Oya mwanangu, hii mashine inazingua. Tukizubaa imekula kwetu." Niliipeleka hadithi hiyo kwa mhariri ambaye sitamtaja, wala jarida lake sitalitaja. Ilinirudia imesahihishwa kwa wino mwekundu. Fundi wangu sasa alikuwa akisema: "Rafiki yangu, mtambo huu una hitilafu. Tusipokuwa waangalifu tutaangamia." Pembeni, kwa adabu kabisa, mhariri aliandika kwamba hadithi ya sayansi yataka lugha ya sayansi.

Nimezitazama sentensi hizo mbili mara nyingi tangu siku ile. Katika ya kwanza, "oya" ni mwito usiouliza cheo cha mtu. "Mwanangu" si mtoto. Ni mwenzi wa rika, na anayeitwa hivyo hujua kwamba amehesabiwa kuwa ndugu. "Kuzingua" ni neno la Kiswahili cha kale kabisa, la kukunjua kilichozingwa na la kumwondolea mtu uchawi. Mitaani limegeuka, sasa ni kuleta taabu, kukataa kwenda sawa. Na katika "imekula kwetu" mimi nasikia sauti ya mtu ajuaye hesabu za mtaji mdogo: hasara ipo, na itaangukia upande wetu, si upande wa mwenye chombo. Fundi huyo hana habari na maangamizi. Ana habari na hasara, na ana habari na nani atakayeilipa. Sasa isome sentensi ya mhariri. Hujui aliyesema ni nani, ametoka wapi, ana umri gani, wala kama anaogopa au haogopi. Fundi amepotea, imebaki hitilafu.

Huo ndio msingi wa ugomvi wangu. Lugha ya mtu katika hadithi si nguo aliyovaa ambayo mhariri aweza kuibadilisha kabla ya wageni kuingia. Ndiyo njia yake ya kuyapima mambo.

Waingereza walipita njia hii kabla yetu, na mfano wao watufaa, kwa kuwa walikosea palepale tunapokosea sisi. Watu wa mashariki ya London waitwao Cockney, ambao desturi husema ni wale waliozaliwa mahali inaposikika kengele ya kanisa la St Mary-le-Bow, wana Kiingereza chao: huiangusha sauti ya h mwanzoni mwa neno, hugeuza irabu, na hupenda kulificha neno moja nyuma ya jingine kwa vina. H. G. Wells, ambaye twamhesabu miongoni mwa baba wa hadithi za kisayansi, aliwajua watu hao kwa karibu. Alizaliwa mwaka 1866 huko Bromley, mwana wa mwenye duka dogo, na ujanani aliwekwa kwa wauza nguo ajifunze kazi yao. Katika The Time Machine ya mwaka 1895 anasafiri mbele miaka laki nane, na huko anawakuta viumbe waishio chini ya ardhi, walinzi wa mitambo, weupe kama mabuu, ambao usiku hupanda juu kuwala watu wazuri wa jua. Msafiri wake anakisia asili yao, na katika kukisia anamtaja mfanya kazi wa mashariki ya London wa zama zake, ambaye tayari ameishi karibu kutengwa na uso wa nchi. Basi viumbe wale ni wajukuu wa Cockney. Nao hawasemi kitu. Katika kitabu chote halitufikii neno lao hata moja lenye maana. Ukimnyima mtu ulimi katika hadithi ya leo, usistaajabu kumkuta mnyama katika hadithi ya kesho.

Lakini Wells huyohuyo, mwaka 1908, akaandika The War in the Air. Shujaa wake, kama yafaa kumwita shujaa, ni Bert Smallways, kijana wa duka la baiskeli katika kiunga cha London, asiye na elimu kubwa, msema Cockney tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Bahati mbaya inamchukua ndani ya puto na kumtupa katikati ya jeshi la angani la Wajerumani, na pamoja nalo anavuka bahari na kuuona mji wa New York ukipigwa kwa mabomu kutoka juu. Mwanzoni Wells anamcheka, tena sana. Baadaye miji inaungua, na kicheko kinakauka. Neno la mwisho la kitabu kile halikupewa mwanachuoni wala jemadari. Limepewa ndugu yake Bert, mzee sasa, aliyebaki katika magofu, na mzee huyo anasema kwa lugha yake ileile iliyochekwa kwamba jambo hili halikupaswa hata kuanzishwa. Sijui hukumu ya vita iliyo fupi kuliko hiyo. Ingesahihishwa kwa wino mwekundu, isingekuwa hukumu tena, ingekuwa maoni.

Msidhani Waingereza walijifunza wakaacha. Mwaka 1966, katika mchezo wa televisheni uitwao Doctor Who, msichana aliyeitwa Dodo aliingia chomboni na lafudhi ya watu wa kawaida. Haukupita muda wakubwa wa mchezo wakataka aseme kama wasoma habari wasemavyo, na lafudhi ikatoweka bila ya hadithi kueleza sababu. Chombo kile husafiri kwenda kila sayari na kila zama, lakini majira yale kilishindwa kufika mashariki ya London. Mwaka huohuo akaingizwa baharia Ben na Cockney yake, na ilipofika mwaka 2005 nafasi kubwa kabisa pembeni mwa msafiri ilikuwa ya Rose Tyler, muuza duka aliyekulia katika majumba ya kupanga ya London, bila ya mtu kumwosha ulimi. Kwa hiyo safari hiyo, kwao, ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Sisi hatulazimiki kuchukua muda huo.

Sasa tuje kwetu. Hadithi ya Kiswahili ilikwenda angani mapema. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, na humo wasemao ni mfalme, na mawaziri, na wajumbe waliotumwa pande sita, na mshtakiwa Karama. Wote wana lugha moja iliyonyooshwa kama kanzu ya Idi. Simlaumu. Kitabu kile ni fumbo juu ya sheria na dhuluma, kimeandikwa chini ya serikali ya kikoloni, na fumbo lina haki ya kuvaa kanzu. Ninaowalaumu ni wale waliokuja baadaye, wakiwa huru, wakadhani kwamba kwa kuwa nchi ya kwanza ya angani ilisema hivyo, basi angani kote husemwa hivyo. Mkenya Katama Mkangi, mtu wa Pwani, alitoa Walenisi mwaka 1995, na Dzombo wake akarushwa kutoka duniani ndani ya chombo hata akaifikia nchi yenye jina hilo. Lipasue jina, nawe wapata "wale ni sisi." Sijaona katika Kiswahili jina la sayari lililo bora kuliko hilo. Naliomba litumike kama kanuni: wale waishio kwenye nyota katika hadithi zetu, kama wao si sisi, kazi yao nini?

Na sisi ni nani katika Dar es Salaam? Wengi wetu si watu wa Masaki. Ni watu wa Mbagala, na Tandika, na Yombo, na Keko. Wa Mwananyamala, na Tandale, na Manzese iliyokuwa Kinondoni kabla ya wilaya ya Ubungo kumegwa miaka hii ya karibuni. Wanafunzi wa Mlimani wanaosoma jarida hili hushuka kilima, na kabla hawajafika mjini wamekwisha kusikia Kiswahili ambacho asubuhi ile mwalimu hakukitaja. Kiswahili hicho kimeandikiwa na wageni kabla yetu: Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapa uchunguzi mrefu juu ya lugha ya mitaani mwaka 2006. Lakini tunakichungua kama mdudu chini ya kioo, kisha tunaandika hadithi zetu bila yacho.

Husemwa kwamba lugha hiyo haina uwezo wa kubeba elimu ya mitambo. Ajabu kubwa! Tazameni ni nani aliyeipa mitambo majina. Serikali ilipoleta mabasi mapya mwaka 2016, yenye njia zao pekee kutoka Kimara kwenda Kivukoni, jina rasmi lilikuwa "mabasi yaendayo haraka," sentensi nzima, yenye kitenzi na kirejeshi. Watu wakasema "mwendokasi," na leo ni nani asiyesema hivyo? Wataalamu walipendekeza "ngamizi," wakapendekeza "tarakilishi," na kwetu watu wakaendelea na kompyuta yao. Televisheni ya zamani yenye mgongo mnene iliitwa "TV ya chogo" mara tu ile nyembamba ilipoingia sebuleni, maana kitu kipya hakikupata kutofautishwa na cha kale mpaka mtu mmoja alipokiona kile cha kale kina kisogo kilichotokeza. Simu ya kugusa kioo ikaitwa "ya kupangusa." "Kuchakachua," kwa maana ya kuchanganya mafuta ya taa na petroli, ni neno la kikemia lililotoka mikononi mwa watu wa vituo vya mafuta na magari, uchaguzi wa mwaka 2010 ulipokuja likaingia katika siasa kwa maana ya kuharibu hesabu za kura, na hakuna neno la kamusi lililoweza kufanya kazi hiyo kwa nguvu ile. Hata daladala lenyewe limebeba historia ya uchumi: nauli ya shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala kwa kumbukumbu ya dola. Sarafu imekufa, nauli imekufa, gari laendelea kukimbia na jina lake.

Na liko neno moja ambalo peke yake lingetosha kumaliza ubishi. Bakuli kubwa la chuma lililopandishwa juu ya bati ili kunasa picha kutoka angani, watu waliliita "ungo." Ungo ni wa kupepetea mchele, kweli, lakini kila mtoto wa viunga vya Dar es Salaam ajua kwamba ungo ndicho chombo cha usiku, wachawi hukipanda wakasafiri kutoka Pwani hadi nchi za mbali na kurudi kabla ya adhana ya alfajiri. Habari za mchawi aliyeanguka na ungo wake juu ya paa la nyumba si ngeni kwa msomaji wa magazeti yetu. Basi mtu aliyeliita bakuli lile "ungo" aliunganisha, kwa neno moja la silabi mbili, jikoni, uchawi, na setilaiti. Mwandishi wa hadithi za kisayansi angeweza kukesha mwaka mzima asipate neno kama hilo. Nasi tunaandika "kipokezi cha mawimbi."

Wengine watasema ninasifu mzaha. La. Mtu wa viunga hajui mambo yajayo kwa mzaha tu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka huko Mbagala, Temeke. Makombora yalipaa, yakaruka kambi, yakaangukia nyumba za watu. Watu zaidi ya 20 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na watoto wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Mwezi wa Februari mwaka 2011 jambo hilohilo likatokea Gongo la Mboto, na maelfu wakayakimbia makazi yao. Wells, katika The War of the Worlds ya mwaka 1898, aliwateremsha watu wa Mirihi katika viunga vya London, si mbele ya jumba la mfalme, kwa sababu alijua kwamba kitu kiangukacho kutoka juu huanguka kwanza kwa watu wa pembeni. Alikuwa akibuni. Mbagala haikubuniwa. Mwandishi wetu atakayeandika siku moja juu ya uvamizi kutoka angani, na akamfanya msimulizi awe profesa wa kigeni au ofisa wa Upanga, huku mama wa Mbagala akipita nyuma yake na mtoto mgongoni bila ya kusema neno, mwandishi huyo amemkosea heshima shahidi pekee tuliye naye.

Na kama mtu ataka kusikia, si kuona tu, jinsi mambo yajayo yanavyotengenezwa katika mitaa hiyo, asikilize singeli. Kabla yake palikuwa na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka. Kisha vijana wa Manzese, na Tandale, na Mburahati wakachukua kompyuta na programu zake, wakakata vipande vya muziki wa kale, wakaviharakisha hata mapigo yakazidi 200 kwa dakika. Santuri ya Sounds of Sisso, iliyokusanywa kutoka studio ya Mburahati na kutolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ilisikilizwa Ulaya kama muziki uliotoka katika zama zisizofika bado. Wageni wakasema wamesikia kesho. Sisi wenyeji tukasema makelele, tukafunga madirisha. Na maneno yanayosemwa juu ya mapigo hayo, kwa kasi ambayo mimi mwenyewe mara nyingine hainifikii, ni Kiswahili.

Nimewasikia wapinzani wangu, na baadhi ya maneno yao yana uzito. Wasema kwanza kwamba vijana wataharibikiwa na lugha. Hili nitalipita upesi. Kiswahili Sanifu chenyewe kilichaguliwa kutoka katika usemi wa watu wa mtaa: Kiunguja cha mjini, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikilea, huku watu wa Mombasa wakinung'unika, tena kwa haki, kwamba chao kina mashairi mengi zaidi. Hakuna usanifu ulioteremka kutoka mbinguni. Mwanafunzi anayeandika mtihani wake kwa Kiswahili cha mitaani atakosa alama, na akose; lakini hadithi si mtihani.

Wasema pili kwamba lugha ya mitaani hufa upesi, na hadithi itakufa nayo. Hapa nakubali nusu. Maneno mengi ya ujana wangu, nikiyasema leo mbele ya kijana wa Kijitonyama, hunitazama kwa huruma. Lakini fikirini jambo hili linamaanisha nini kwa anayeandika mambo yajayo. Yeye amebadilisha magari, amebadilisha mavazi, chakula, serikali, hata hewa ya kuvuta. Kisha watu wake wa mwaka 2200 wanasema sawasawa na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Je, huo ndio ukweli wa kisayansi? Lugha ndicho kitu cha kwanza kubadilika, na mahali pa kwanza inapobadilikia ni mitaa ya pembeni. Anthony Burgess alipoandika A Clockwork Orange mwaka 1962, alijua kwamba misimu ya vijana wa wakati wake ingezeeka kabla ya kitabu. Kwa hiyo akawabunia vijana wake lugha mpya, nyingi yake Kirusi kilichopindwa, na ndani yake akatia mafumbo ya vina ya Cockney. Hiyo ndiyo kazi niitakayo kwetu. Mwandishi asinakili tu kinachosemwa leo kituo cha Mbagala Rangi Tatu. Ajiulize kitakuwaje baada ya vizazi saba. "Buku" itakuwa nini, elfu ikiisha kuwa haina thamani? "Mwekundu wa Msimbazi" atakumbukwa na nani, noti zikiisha? Kazi hiyo ni ngumu kuliko kutumia kamusi, na labda ndiyo sababu inaitwa uchafu.

Wasema tatu kwamba msomaji wa Lamu au wa Bukavu hataelewa. Basi na mwanafunzi wetu hamwelewi Muyaka bin Haji bila ya maelezo ya mwalimu, wala hatujasikia mtu akitaka Muyaka asahihishwe. Msomaji si mtoto wa kumezeshwa. Maneno mawili asiyoyajua, katikati ya manane ayajuayo, hayajamzuia mtu kuendelea. Mara nyingi ndiyo yanayomvuta.

Hata hivyo niwaonye walio upande wangu, maana wao huniudhi zaidi. Wako waandishi ambao, wakisikia hoja hizi, hukimbilia kunyunyiza "noma," na "mshikaji," na "oya" juu ya maongezi, kama mtu anyunyizaye pilipili juu ya chakula kilichokwisha kuungua. Huo si usemi wa Temeke. Ni dharau iliyovaa kofia mpya. Vijana wa kijiweni si watu wote wa viunga. Mama lishe wa Keko hamwiti mteja wake "oya". Humwita "baba," hata akiwa na miaka ishirini, na hasira zake huzitoa kwa maandishi ya khanga. Bibi wa Kizaramo aliyezaliwa Mtoni ana lahaja yake, na mafumbo yake ya ngomani, na akikukemea hutasikia neno hata moja la msimu. Mndengereko aliyetoka Rufiji, Mmakonde aliyetoka kusini, wote wamekuja na ndimi zao katika mtaa mmoja, na Kiswahili cha mtaa huo kimezifanyia zote nafasi. Tena Kinondoni hiyohiyo ina Tandale na ina Oysterbay. Asiyezijua tofauti hizi bora aandike juu ya nyota peke yake, bila watu.

Na jambo jingine, dogo kwa sura lakini ndilo limewaponza Waingereza: tahajia. Waliandika kila h iliyoangushwa na Cockney, wakaweka alama ya ritifaa mahali pake, ukurasa ukajaa ritifaa kama uso wenye tetekuwanga. Mabwana nao humeza herufi, lakini mabwana hawakuandikiwa. Sisi pia twafanya hivyo. Mtu wa bara akisema "lafiki" tunaandika "lafiki" ili msomaji acheke, mkulu wa ofisi akisema "n'takuja sa' hizi," kama tusemavyo sote mpaka Mlimani, tunaandika "nitakuja saa hizi." Kama tahajia ni ya kweli, iwe ya kweli kwa wote. Kama si ya kweli kwa wote, basi iachwe, na mwandishi autafute mtaa katika mpangilio wa maneno, na katika mifano, na katika yale ambayo mtu huona si lazima kuyasema.

Sidai msimulizi naye aache Kiswahili cha vitabu. Mimi mwenyewe nimeandika makala hii yote kwa Kiswahili ambacho fundi wangu angekiona cha msikitini. Ninachodai ni kwamba fundi akifungua kinywa, tumwachie. Na asifungue kwa kuchekesha tu. Afungue kinywa pale mtambo unapokufa, pale nahodha asipojua la kufanya, pale pumzi zinapohesabiwa, maana mtu aliyefufua injini ya gari la mwaka 1985 kwa waya na kipande cha mpira wa ndala ndiye ambaye mimi, nikiwa katika chombo kile, ningependa kumsikia akisema.

Mwezi uliopita niliitoa hadithi ile kabatini. Nimefuta hitilafu na maangamizi yote, nimemrudishia fundi sentensi yake kama alivyoisema, na nimeipeleka tena kwa mhariri yuleyule.